Siku moja maishani mwangu: amplifaya ya kwaya

Saa 1:30 asubuhi. Nafungua banda Mwanjelwa, pumzi inatoka mdomoni kama moshi. Julai ya Mbeya hiyo. Mezani inanisubiri amplifaya ya gitaa ya kwaya moja ya hapa mjini. Ni ya valvu, zile chupa za kioo zilizokuwa kwenye redio za babu zetu. Uzuri wake, zikiwaka unaota moto.

Saa 2:15. Mpiga gitaa wao anaingia, gitaa mgongoni.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Haya, inasumbuaje?"

"Inapiga kelele tu."

Kelele gani sasa? Ipo inayovuma, ipo inayokwaruza, ipo ya shiii kama mvua ya Tukuyu kwenye bati, na kila moja ina kwao humo ndani. Kabla ya kuwasha nikafungua plagi. Waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, umekatwa, ncha yake imeviringishiwa tepu nyeusi. Fundi aliyenitangulia aliona mvumo umepungua, akachukua hela yake akaenda. Hasira zilinipanda. Nyuzi za gitaa zimeungana na bodi ya chuma ya amplifaya. Siku transfoma ikivujisha umeme kwenye bodi, dogo huyu ameshika nyuzi na mdomo uko kwenye maiki, tunazika. Nikarudisha ethi kwanza, mengine baadaye.

Saa 3. Nawasha kupitia balbu ya kizamani ya wati 100 niliyoiunga kwenye njia ya umeme. Kukiwa na shoti balbu itawaka kwa nguvu, transfoma ipone. Ikang'aa kidogo, ikafifia. Salama. Nikaitoa, nikachomeka moja kwa moja.

Mvumo huo hapo, na juu yake mkwaruzo kama mtu anakaanga bisi. Nikashusha volyumu mpaka sifuri, mvumo haukujali. Nikamwambia dogo apige uzi mnene, freti ya tatu. Noti hiyo ni G, Hz 98, yaani mitetemo 98 kwa sekunde. Ilikuwa karibu sawa na mvumo wetu, ila sauti mbili zikawa zinavutana, wau, wau, wau. Basi ni Hz 100. Umeme wa ukutani ni Hz 50, rektifaya, inayougeuza uende upande mmoja, inatumia nusu zote mbili za wimbi, ndiyo inapatikana mia. Kapasita za kuchuja, zinazotunza chaji na kuulainisha umeme huo, zikikauka, hiyo mia inateremka hadi kwenye spika. Ingekuwa 50 ningeanza na ethi, au nyaya za kupasha valvu.

Saa 4. Umeme ukakatika. Chai na viazi.

Saa 6. Umerudi. Amplifaya nimeichomoa, hata hivyo kapasita hubaki na chaji baada ya kuzima, kwa hiyo naimaliza kwa rezista, kifaa cha kupunguza mkondo wa umeme, yenye mpini wa plastiki, mkono mmoja mfukoni, mita ikiangalia mpaka ishuke chini ya volti 10. Rafiki yangu alinishauri nifungue televisheni ya kichogo nitoe kapasita za bure. Zile kwa kawaida hazizidi volti 400. Hii ikiwashwa, kabla valvu hazijapata moto, inafika 430. Nikachukua za 450 nilizokuwa nimeagiza, zilizoshuka na basi la usiku kutoka Kariakoo. Nikafunga zote nne, mvumo ukakatika.

Saa 8 mchana. Zimebaki bisi. Nikachomoa valvu ndogo ya kwanza: zinaendelea. Ya pili: kimya. Nikaweka nyingine pale pale: bisi zikarudi, kumbe valvu nilikuwa naionea. Nikachukua kijiti cha mshikaki, kikavu kabisa, nikawa nagonga kimoja kimoja. Nilipogusa rezista ya kilo-omu 100 inayolisha valvu hiyo, spika ikalipuka *pwaa*, dogo akaruka.

Kwenye mita rezista ile ilisoma vizuri tu. Rezista kuukuu za kaboni huwa hivyo, zinatulia kwa betri ya mita halafu zinakwaruza zikipitiwa na volti mia kadhaa. Nikaweka mpya.

Saa 11 jioni. Kanisani, mazoezi. Nawasha mbele ya watu wote. Mvumo!

"Fundi," akasema mwalimu wa kwaya kwa upole unaouma, "yule wa mwanzo si alikata waya ikatulia?"

Nikasikiliza. Huu ulikuwa mzito zaidi, chini ya ule wa asubuhi: 50. Amplifaya iko kwenye soketi ya madhabahuni, miksa iko soketi ya mlangoni, katikati kuna waya wa sauti, kwa hiyo ethi zimetengeneza duara zima la jengo, linalookota mvumo wa umeme. Nikaomba ekstensheni moja, nikachomeka vyote viwili hapo.

Mwalimu akasogea, akainamisha sikio kwenye spika.

"Sasa mbona umeizima?"

Dogo akapiga uzi mnene.