Benzi limelala chini, makadirio euro 3,480

Euro 3,480, kodi ya asilimia 19 ikiwa humo humo. Hayo ndiyo makadirio ya gereji moja hapa Ujerumani kwa S-Class ya 2003 iliyokutwa asubuhi imelala upande wa mbele kulia: shokapu mbili za upepo, kompresa, na saa za fundi. Gari lenyewe ukilipeleka sokoni leo halifiki bei hiyo. Anayejua Toyota IST inauzwaje nyumbani apige hesabu mwenyewe. Bei mtu angeimeza, lakini hakuna aliyeshika hata chupa ya sabuni kutafuta upepo unavujia wapi. Kompyuta ya gari imesomwa kwa mashine, spea zimeandikwa, na kusomewa huko nako kumelipiwa. Fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, angekuwa ameshalala chini ya gari kabla hujamaliza kueleza.

Basi tulitazame wenyewe. S-Class za toleo hili, W220, iliyotengenezwa kuanzia 1998 hadi 2005, nyingi hazina spring za chuma. Kila kona ina shokapu yenye mfuko wa mpira unaobeba uzito wa gari kwa upepo. Kompresa imejificha mbele ya tairi la mbele kulia, nyuma ya plastiki ya madigadi, na jirani yake kuna boksi la valvu linalogawa upepo kwenda kila kona. Sensa za kimo ni tatu: mbili mbele, moja nyuma. Ukishaujua mtandao huo, gari lenyewe litakueleza linaumwa wapi.

Anza na futi kamba. Egesha mahali tambarare, pandisha gari kwa swichi, zima injini, kisha pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi kwenye kona zote nne na uandike. Asubuhi pima tena kabla hujafungua mlango wowote. Hapo ndipo wengi wanapokosea: mlango ukifunguliwa kompyuta inaamka, inaanza kusawazisha kimo, na vipimo vyako havina maana tena. Kona moja ikishuka kila usiku kwa kiasi kilekile, shuku shokapu ya kona hiyo au paipu yake. Ikishuka leo, kesho isishuke, mara nyingi ni boksi la valvu, uchafu umekaa kwenye kikalio na valvu haifungi sawasawa. Gari likiwa halishuki usiku lakini linachukua muda mrefu kupanda, kompresa imechoka. Na kama linasimama kimo cha ajabu bila kuvuja popote, kachungulie kifimbo cha sensa. Kile cha plastiki huvunjika kwenye kichwa chake, hasa baada ya majira mawili matatu ya chumvi ya barabarani.

Baridi nayo ina mchezo wake. Mpira wa miaka ishirini ukifika nyuzi chini ya sifuri hukakamaa, ile mikunjo yenye nyufa inafunguka, na gari lililokuwa zima Agosti linalala Januari. Ndiyo maana muuzaji mjanja huliuza kiangazi. Ukitaka kununua, subiri baridi, au nenda alfajiri ukalione kabla mwenyewe hajaliwasha.

Sabuni sasa. Changanya ya kuoshea vyombo na maji kwenye chupa ya kupulizia, nzito kidogo. Pandisha gari hadi juu, geuza usukani hadi mwisho, puliza juu kabisa ya shokapu pale paipu inapoingilia, kisha kwenye mkunjo wa mpira chini. Usitegemee mapovu makubwa kama ya tairi lenye pancha. Uvujaji wa kulaza gari kwa usiku mmoja hutoa povu dogo jeupe linalokua polepole kama ute, kwa hiyo subiri dakika mbili tatu na tochi mkononi. Likitokea kwenye nati ya shaba tu, una bahati: kata ncha ya paipu kwa wembe iwe sawasawa, weka kifungo kipya, sukuma paipu mpaka igote, kaza. Likitokea kwenye mpira, shokapu ndiyo hiyo, hakuna gundi wala kiraka.

Usitie mkono wala kichwa chini ya gari linaloshikiliwa na upepo au jeki peke yake. Weka stendi. Gari hili likiishiwa upepo ghafla linashuka bila kukuonya.

Kompresa huwa haijifii yenyewe. Shokapu inavuja kidogo, kompresa inafidia usiku na mchana, ringi yake ya pistoni inaisha, halafu rilei, ile swichi ya umeme inayoiwasha, inaungua miguu na kugandia, motor haizimi mpaka iungue. Kwa hiyo atakayekuuzia kompresa bila kutafuta uvujaji, atakuuzia nyingine mwakani. Kabla ya kuilaumu, angalia fyuzi yake kubwa ya ampea 40, kisha chomoa rilei na uunganishe tundu la 30 na la 87 kwa waya mnene kwa sekunde chache. Ikiunguruma, motor ni mzima na tatizo ni rilei au amri kutoka kwenye kompyuta. Ikiunguruma bila kusukuma, funga geji kwenye njia ya kutolea: iliyo hai inavuka bar 10 bila kusitasita. Ukibadilisha kompresa, badilisha na rilei siku hiyo hiyo. Bei yake ni ya mlo mmoja wa mgahawani.

Shokapu mpya ina sharti moja ambalo hata mafundi wa huku hulisahau. Usilishushe gari kwa uzito wote juu ya mfuko usio na upepo, mpira utajikunja vibaya na kupasuka ukiwa mpya kabisa. Shusha kidogo, acha kompresa ijaze, shusha tena. Na agiza kwa namba ya chasisi, kwa sababu shokapu za mbele za 4MATIC, inayovuta kwa matairi yote manne, si sawa na za gari la kusukuma nyuma. Hapa niwape Wajerumani haki yao: kwa namba hiyo unapata spea sahihi mara ya kwanza, risiti mkononi, na sheria inakulinda miaka 2. Nyumbani tungeletewa tatu ndipo moja iingie.

Kazi yenyewe usiifanyie uani kwa mwenye nyumba, mikataba mingi inakataza. Kuna gereji za kukodi lifti kwa saa. Nenda na spea zako.

Kuna watakaokushauri ung'oe upepo wote ufunge spring za chuma. Inawezekana, ila hapa badiliko hilo lazima likaguliwe na kuandikwa kwenye karatasi za gari, la sivyo gari linapoteza kibali cha kuwa barabarani. Wala usiwaze kulisafirisha: usukani uko kushoto, na Kenya hawapokei gari lililozidi miaka 8.

Wewe unayejiandaa kuja na umeshaona tangazo la S-Class ya euro 3,000, kumbuka pia kuna nyingine zisizo na upepo kabisa, kama S600, zinazobebwa na mafuta ya hidroliki kwa mfumo uitwao ABC. Zile sabuni haisaidii. Fungua boneti utafute chombo cha mafuta ya kijani chenye kijiti cha kupimia, na ukikikuta, uliza pampu ilibadilishwa lini kabla hujauliza bei.