Madam wa Gredi ya 4 na magunia ya kabeji

Mpaka Machi 2020, mwalimu wa binti yangu nilimjua kwa saini. Dayari ya shule ilirudi jioni na mistari miwili ya wino mwekundu, mama mtu anatia saini yake chini, basi. Siku za wazazi zilikuwa Jumamosi, na anayefanya kazi hotelini Pwani hana Jumamosi.

Jumapili ya tarehe 15 mwezi huo Rais Uhuru Kenyatta akatangaza shule zifungwe. Haukupita muda hoteli nayo ikatutuma nyumbani, likizo bila malipo. Mke wangu ana meza ya mboga Kongowea, soko kubwa la Mombasa, na watu hawaachi kula kwa sababu ya korona, kwa hiyo yeye akaendelea kutoka alfajiri. Nyumbani Kisauni, papo hapo Mombasa, tukabaki mimi, binti wa Gredi ya 4 na simu moja yenye kioo kilichopasuka. Ndivyo nilivyotiwa kwenye grupu la WhatsApp la wazazi, mwanamume peke yangu. Wiki za mwanzo nikituma kazi ya mtoto najibiwa "asante mama Saumu". Nikawa naitika.

Watoto wa Gredi ya 4 mwaka ule walikuwa ndio wa kwanza kabisa wa CBC, mtaala mpya wa Kenya, kwa hiyo hakukuwa na mtoto wa jirani aliyetangulia wa kuazimwa madaftari. Redioni KBC ilikuwa ikirusha vipindi vya KICD, taasisi ya serikali ya kutunga mitaala, na binti yangu alivisikiliza vizuri tu, ila redio huiulizi swali. Wa kuulizwa alikuwa Madam.

Naye Madam alikuwa Wundanyi, kwenye milima ya Taita. Shule zilipofungwa alikwenda kwao akidhani ni wiki chache, kisha Aprili kaunti ya Mombasa ikafungwa, haingii mtu wala hatoki, isipokuwa magari ya mizigo. Akakwama huko milimani. Asubuhi alikuwa akitafuta mahali penye netiweki, anatuma ujumbe wa sauti na picha ya kazi. Sisi tunavifungua jioni bando ikipatikana. Ramadhani ilipoingia aliniuliza saa inayotufaa. Nikamwambia baada ya futari, maana kafyu ilikuwa imeshatufungia ndani hata hivyo na tarawehe tunasali sebuleni. Akazipanga saa zake kwa saa zetu, yeye si Mwislamu.

Kwenye sauti zake tulikuwa tukisikia majogoo, mvua juu ya mabati, mama yake akikohoa. Naye bila shaka alisikia ya kwetu, hasa mimi nikinong'ona majibu nyuma ya mtoto. Usiku mmoja akaniandikia pembeni, si kwenye grupu: "Baba Saumu, mwache akosee. Nikisikia kosa lake najua pa kuanzia."

Tulikuwa kwenye hesabu za sehemu. Robo moja jumlisha robo mbili, binti ameandika tatu juu, nane chini. Mimi ningemfutia nimwandikie jibu. Madam akamwambia achukue chapati, aikate vipande vinne, ale kimoja, kisha viwili, halafu amwambie kwenye sahani kimebaki nini. Tangu siku hiyo sikunong'ona tena. Kina mama wengine waliendelea kuwaandikia watoto wao, na hati ya mtu mzima haijifichi. Kwenye grupu Madam alikuwa akijibu kwa adabu zake zote: "Kazi nzuri sana mzazi. Sasa naomba ya mtoto."

Pesa ndiyo iliyotuonyesha tulivyo. Mama mmoja alilalamika kwamba daftari halijasahihishwa siku ya pili sasa, kwani karo tunalipia nini? Mwingine akauliza: nani amelipa? Grupu zima kimya. Walimu walioajiriwa na TSC, tume ya serikali ya walimu, waliendelea kupata mishahara yao shule zikiwa zimefungwa. Wa shule za kibinafsi kama yetu wanakula karo, na karo sisi hatukuwa nayo. Madam alikuwa amepata nusu mshahara Machi, baada ya hapo hakuna, na hakuwahi kututajia.

Tukachanga, huyu mia, yule mia mbili. Wakati huo kutuma M-Pesa isiyozidi shilingi 1,000 kulikuwa bure, la sivyo wengine wangeona haya kutuma kidogo. Mchango wa kwanza alipokea. Wa pili alikataa, akaniuliza: "Mama Saumu si ana meza Kongowea? Huku kabeji zinaozea shambani."

Malori ya mboga yalikuwa yakipita vizuizini. Gunia la kwanza likafika, mke wangu akauza, akatuma. Kisha jingine. Alikuwa akimpunguzia mwalimu bei bila huruma yoyote, nami nikimwashiria kwa macho kwamba huyu ndiye anayemsahihishia mtoto. Akanijibu: "Mambo ya shule ni yako. Haya ni ya soko."

Nasikia watu wakisema wakati ule wazazi tulijifunza kuwaheshimu walimu. Heshima ilikuwepo siku zote, ndiyo hiyo ya "Madam" na dayari, na haikumlisha mtu. Nilichokiona mimi ni kwamba hoteli hainilipi kwa kuwa wageni hawaji, na Madam halipwi kwa kuwa mimi silipwi.

Julai marehemu Profesa George Magoha, aliyekuwa Waziri wa Elimu, akatangaza mwaka wa masomo umepotea. Nusu ya wazazi wakatoka kwenye grupu siku hiyo hiyo. Madam akaendelea na watoto waliobaki. Halafu ghafla Gredi ya 4, darasa la nane na kidato cha nne wakaitwa warudi tarehe 12 Oktoba.

Usiku wa kuamkia siku hiyo alinipigia. Ofisi imetaka orodha ya wenye malimbikizo ya karo, warudishwe langoni. "Jina la Saumu nimeliandika kwa mkono wangu, Baba. Kesho usimlete kabla hujaongea na mwalimu mkuu."

Pesa iliyokuwemo nyumbani ilikuwa ya kabeji za Madam, mke wangu hajaituma. Mke wangu akachukua simu, akamwomba Madam angoje. Madam akakubali.

Asubuhi, mbele ya mwalimu mkuu, aliniita "mzazi", nami nikamwita "Madam". Nikaweka pesa yake mezani kama awamu ya kwanza ya karo. Mwisho wa mwezi akapata mshahara. Deni la kabeji tulilimaliza Desemba, mke wangu akikata za kuoza njiani.