Kila DAC huchagua kosa lake: kumbukumbu ya mradi wangu

Machi

Chipu imetoka bila mguu hata mmoja kupinda. Ni TDA1541A ya Philips, miguu 28, moyo wa DAC ninayoijenga (kifaa cha kugeuza muziki wa dijitali kuwa sauti ya analogi), na ilikuwa ndani ya pleya ya CD kuukuu kwa mzee mmoja anayeuza spea River Road. Nilipouliza bei aliigeuza mikononi. "Hiyo haisomi CD tena, kijana wangu, lenzi ilishakufa. Unaitakia nini?" Nikamwambia, "Nina haja na kitu kimoja tu humo ndani, mzee." Akanipunguzia. Mtandaoni zipo, ila hazitengenezwi tena, na nyingi zinazouzwa huko zimefutwa maandishi na kuchapwa upya, hasa zile za daraja la S1 zenye alama ya taji. Hii nimeing'oa mwenyewe kwenye bodi ya kiwandani.

Kwa vipimo, DAC ndogo za bei ya chini zilizojaa Luthuli Avenue zinaipita chipu hii ya miaka ya 1980 kwa mbali. Lakini ndani ya hizo mpya, chujio, kigeuzi na hatua ya kutoa sauti vimefungiwa mahali pamoja, na aliyebuni ameshaamua kila kitu kwa niaba yako. Mimi nataka kuusikia kila uamuzi peke yake. Kwenye TDA1541A chujio liko nje, saa inayopanga mwendo wa kazi iko nje, na sauti inatoka ikiwa bado mkondo wa umeme. Kazi yote iliyobaki ni yangu.

Mabishano ya wabunifu wa DAC yalianza mwaka ule ule CD ilipozaliwa. Mwaka 1982 Sony walitoa CDP-101: biti 16, sampuli (vipimo vya wimbi la sauti) 44,100 kwa sekunde zikigeuzwa kama zilivyo, kisha chujio kali la analogi la kukata kila kilicho juu ya kilohezi 20. Philips walikuwa na chipu ya biti 14 tu, TDA1540. Wakaongeza sampuli mara nne hadi 176,400, wakaisukuma kelele ya ukadiriaji (makosa ya kuzungusha namba) juu ya upeo wa masikio, na biti zao 14 zikafanya kazi ya 16. Chujio lao la analogi likabaki laini. DAC za delta-sigma tulizo nazo leo zimeifikisha njia hiyo mwisho wake: viwango vichache tu vya umeme, kasi ya megahezi, na kelele yote inahamishiwa juu.

Wanaopenda ngazi ya rezista, ambapo kila biti ina rezista zake, wanakutana na hesabu ngumu. Kwa biti 16, kosa la biti kubwa, ile yenye uzito kuliko zote, lisizidi sehemu moja kwa 65,536, yaani asilimia 0.0015 hivi. Rezista nzuri za dukani huishia asilimia 0.01. Ndani ya TDA1541A Philips walipata njia ambayo bado naistaajabia: mikondo ya biti sita za juu inabadilishana nafasi mfululizo, kwa hiyo kosa la mmoja linagawanywa kwa wote, na mabaki yanamezwa na kapasita 14 zilizoizunguka chipu, saba kila upande wa stirio. Hizo kapasita nimezilehemu chini ya bodi, zikigusa miguu yenyewe, na zote zinarudi kwenye kipande kimoja kipana cha shaba ya ardhi. Kila milimita ya waya hapo inasikika.

Hakuna DAC isiyo na kosa. Mbunifu anachoweza ni kuchagua litakwenda wapi.

Aprili

Stima. Chipu inataka volti 5, volti 5 hasi na volti 15 hasi, nami nimetumia vidhibiti volti LM317 na LM337 kwa sababu zinapatikana mjini na tabia zake zinajulikana. Transfoma nimesukiwa na fundi wa Kariobangi Light Industries. Nilimwomba aweke karatasi ya shaba kati ya koili ya kwanza na ya pili, ncha zake zisigusane, iunganishwe na ardhi. Takataka za chaja na mashine za kuchomelea za mtaani zinaishia kwenye hiyo shaba.

Mei

Saa. Nimeweka kristali mbili: megahezi 22.5792 kwa muziki wa familia ya 44,100 na megahezi 24.576 kwa familia ya 48,000. Kila moja ni mara 512 kamili ya sampuli zake. Zimekaa sentimita chache kutoka kwenye chipu, na Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayohifadhi muziki, ndiyo inayofuata mwendo wao. Mpangilio huu naushikilia kwa nguvu. Saa ikiwa upande wa kompyuta, kila kuyumba kwake kunasafiri hadi kwenye sauti, na ukipiga hesabu ya wimbi la kilohezi 20 kwa sauti kamili, kuyumba kwa pikosekunde 120 hivi kunatosha kuleta kosa la nusu hatua ya biti 16.

Juni

Hapa ndipo nimekaa sana, na sijuti. Chipu inatoa mkondo wa miliampea 4 na haivumilii volti kwenye mlango wake wa kutokea, karibu milivolti 25 tu. Ukiweka rezista peke yake lazima iwe ndogo mno, kisha uikuze sauti sana baadaye, na kelele inakua nayo. Wengine hutumia transfoma, wengine taa za vioo (vali za zamani). Nimechagua opampu (chipu ya kukuza umeme) yenye rezista ya kiloomu 1.5, ambayo inafikisha sauti kwenye volti 2 za kawaida za pleya ya CD.

Opampu yenyewe lazima iwe na mbio. Bila kuongeza sampuli, mkondo unaruka kwa ngazi zenye kingo kali, na opampu ikichelewa kuzifuata, yale mawimbi ya juu yasiyosikika yanazaa mengine yanayosikika. Nimeweka kapasita ya nanofaradi 1 sambamba na rezista, kingo zinalainika kuanzia kilohezi 106 hivi. Kwenye skopu, chombo cha kuonyesha mawimbi ya umeme, ngazi zilizokuwa na miiba sasa zina mabega ya mviringo.

Julai

Kusikiliza. Raspberry Pi inaweza kupeleka sampuli kama zilivyo, au kuziongeza mara nne kwa programu ya SoX na kuzirudisha kwenye biti 16 kwa kelele nyembamba ya kusawazisha. Ile kelele inatandazwa hadi kilohezi 88, kwa hiyo robo tu inabaki kwenye upeo wa masikio, nafuu ya desibeli 6. Nimesawazisha sauti kwa mita kwenye kilohezi 1, na binamu yangu ndiye aliyekuwa akibadilisha bila mimi kuona, kisha tukabadilishana viti.

Bila chujio, yaani sampuli kama zilivyo, benga ilikuja nene. Besi imetulia, gita la solo halichomi. Binamu alisema, "Kaka, hii iache hapa hapa." Naelewa kwa nini kampuni kama Audio Note ya Uingereza imejenga jina kwa DAC zisizo na chujio la dijitali kabisa.

Lakini hesabu inasema bila kuongeza sampuli sauti inashuka desibeli 0.75 kwenye kilohezi 10, na desibeli 3.2 kwenye kilohezi 20. Nikaiga mteremko huo huo kwenye ile ya mara nne, tukarudia. Kwenye benga binamu hakuweza tena kuzitofautisha, nami pia. Kwenye tarabu, fidla zinapopanda pamoja, isiyo na chujio ilikuwa na ukwaru mdogo juu, na naamini ni yale mawimbi ya kilohezi 24 na kuendelea yakikutana na amplifaya. Kwa hiyo sehemu kubwa ya "joto" linalosifiwa ni mteremko wa sauti za juu, ambao naweza kuupata kwa kutaka, bila huo ukwaru.

Nimeamua: mara nne. Kwa aina ya chujio nimechukua lile linalotunza mpangilio wa wakati wa mawimbi yote, ingawa linatoa mwangwi mdogo kabla ya mlio. Mwangwi huo uko karibu na kilohezi 22, juu ya masikio yangu. Rob Watts, mbunifu wa DAC za Chord Electronics, ameifikisha imani hii mbali zaidi, M Scaler yake, kifaa cha kuongeza sampuli, inakokotoa kila sampuli kwa vizidishi zaidi ya milioni moja. Raspberry Pi yangu haifiki huko, lakini mwelekeo naukubali.

Alumini ya sanduku imeshakatwa na mafundi wa Jua Kali, Kamukunji. Transfoma itakaa kona ya nyuma, mbali na opampu, na mbele kutakuwa na swichi ya nafasi tatu: bila chujio, mara nne, na mara nne yenye mteremko. Binamu ameshasema ya kwake ni ya tatu.