Mutukula: palipopita vifaru, sasa linapita bomba

Oktoba 1978 askari wa Idi Amin wa Uganda walivamia Kagera, Tanzania, kisha daraja la Kyaka likalipuliwa. Januari 1979 Mutukula, mji wa mpakani mwa nchi hizo mbili, ikawa mikononi mwa JWTZ, jeshi la Tanzania. Leo pale pana kituo cha forodha cha pamoja: lori linalotoka Uganda linapita upande wao bila kusimama, linagongewa mihuri yote miwili upande wa Tanzania. Wanaokwama ni wale waliosahau kadi ya homa ya manjano, au raia wa Uganda waliobeba kitambulisho tu bila pasipoti, wakidhani ni kama kwenda Kenya.

Lakini kipimo halisi cha uhusiano wa Uganda na Tanzania ni bomba la mafuta ghafi, Hoima hadi Chongoleani, Tanga: kilomita 1,443, na 1,147 ziko Tanzania. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, yakipoa yanaganda. Kwa hiyo bomba la inchi 24 limevikwa kizuia joto na linapashwa moto, mafuta yabaki juu ya nyuzi 50. Jirani akigoma, mzigo unagandia njiani (na kuuyeyusha si mchezo). Ndiyo maana mkataba wa serikali mbili, Mei 2017, ulitangulia kuchimba mtaro.