Fumbua kinywa chako kwa ajili yake aliye bubu

Somo: Methali 31:8-9

Wapendwa, mistari hii huwa tunaipita mbio ili tumfikie mke mwema wa mstari wa 10. Wiki hii tubaki hapa, tuitazame Ujerumani ya Hitler, ambako bubu wa kweli, wagonjwa wa akili, wenye kifafa na wenye ulemavu waliuawa na serikali yao wenyewe.

Kazi hiyo iliendeshwa kutoka jengo la Tiergartenstrasse namba 4, Berlin, ndiyo maana inaitwa T4. Hitler alisaini barua ya ruhusa Oktoba 1939, akaiandikia tarehe ya nyuma, 1 Septemba, siku vita vilipoanza. Hospitali zikatumiwa fomu: mgonjwa ana maradhi gani, amelazwa miaka mingapi, ni wa asili gani, anaweza kazi gani. Madaktari watatu ambao hawakuwahi kumwona walitia alama kwenye kisanduku chini ya fomu. Alama ya kujumlisha, nyekundu, afe. Alama ya kutoa, ya buluu, aishi. Baadhi ya wakuu wa hospitali walidhani serikali inasaka vibarua wa vita. Ili wasinyang'anywe wagonjwa wachapakazi, wakaandika kwamba hawafai kazi yoyote. Kumbe asiyefaa kazi ndiye aliyeuawa; ndivyo walivyowaua.

Mabasi ya kijivu yaliwapeleka kwenye vituo sita, Hadamar kikiwa kimojawapo, wakaingizwa kwenye chumba kilichofanana na bafu, ikafunguliwa gesi ya kaboni monoksidi. Nyumbani ilifika barua ya rambirambi yenye sababu ya kubuni, na majivu yaliyochotwa tu kwenye rundo. Uongo wa jumla jumla huvuja. Familia moja ilipata vyombo viwili vya majivu. Nyingine iliambiwa ndugu yao amekufa kwa kidole tumbo, na kidole tumbo hicho kilishakatwa zamani. Askofu wa Limburg aliandika kwamba watoto wa Hadamar wakigombana walitishiana kupelekwa kwenye tanuri.

Nani alifumbua kinywa? Hakimu Lothar Kreyssig wa Brandenburg, muumini wa Kanisa la Kiungamo (Waprotestanti waliokataa Wanazi kulitawala kanisa), alikuwa msimamizi wa wagonjwa kisheria. Aliona taarifa za vifo zinajaa kwenye majalada yake. Julai 1940 alimwandikia Waziri wa Sheria, kisha akazikataza hospitali kwa maandishi kumhamisha yeyote aliye chini yake bila kibali chake. Alipoonyeshwa barua ya Hitler alikataa kuiita sheria. Akastaafishwa, kwa pensheni! Mahakimu wengine walikuwa na majalada kama yake mezani.

Askofu Clemens August von Galen wa Münster naye alianza na sheria. Tarehe 28 Julai 1941 alipeleka mashtaka ya mauaji kwa mwendesha mashtaka, kwa kuwa sheria ya Ujerumani ilimlazimu raia anayejua mauaji yamepangwa kuyaripoti. Hakujibiwa. Jumapili ya 3 Agosti, kanisani St. Lamberti, akaeleza kila kitu mimbarani, pamoja na kifungu cha sheria, akawauliza waumini: kama asiyezalisha anauawa, itakuwaje kwa wazee, na kwa askari wanaorudi vitani wakiwa vilema? Nakala za mahubiri zilienea hadi kwa askari walioko vitani. Tarehe 24 Agosti Hitler aliamuru gesi isimame. Kwa hesabu ya T4 yenyewe, watu 70,273 walikuwa wameshauawa.

Lakini tusishangilie mapema. Mauaji yaliendelea kimyakimya kwa njaa na dawa za kupita kiasi hadi 1945, na baadhi ya wafanyakazi wa vituo vile walihamishiwa kambi za mauaji za Belzec, Sobibor na Treblinka kuwaua Wayahudi. Kuhusu Wayahudi, von Galen hakuhubiri hadharani hivyo. Makasisi watatu Wakatoliki na mchungaji mmoja wa Kilutheri huko Lübeck, waliosambaza mahubiri yake, walikatwa vichwa 10 Novemba 1943.

Kasisi Bernhard Lichtenberg wa Berlin aliwaombea Wayahudi waziwazi katika sala za jioni, na baada ya kuyasoma mahubiri ya Münster aliandika barua ya kuwatetea wagonjwa pia. Alikamatwa Oktoba 1941, akafa 5 Novemba 1943 akipelekwa kambi ya mateso ya Dachau. Atakayemtaja von Galen kwenye ibada ya Jumapili hii, amtaje na Lichtenberg.