Huyu kocha wamchukue tu, watoto watafurahi

Mshkaji wangu kaomba kazi ya ukocha kwenye zile kambi za watoto Marekani, zile za likizo yao ndefu ya Juni mpaka Agosti, mzazi anampeleka mtoto analala hukohuko wiki kadhaa, anacheza mpira, anaogelea, anashinda porini na wenzake. Kazi hiyo ina viza yake kabisa, iko kwenye kundi la J-1, unatakiwa uwe umefikisha miaka 18, Kiingereza kiwe kinapanda, na miezi minne ikiisha unarudi kwenu. Na lazima mwajiri au mwalimu aseme kama unafaa. Sasa mimi ndo mwalimu wa michezo kwenye shule anayojitolea hapa Mwanza, barua ikaniangukia mimi, na nimeiandika kwa moyo wote.

Watu wakisikia kocha wanauliza kachukua makombe mangapi. Jamani, kambi sio ligi. Kule wanakuja watoto wa kila aina, anayejua mpira na asiyejua, mwingine kaletwa tu na wazazi wala mpira wenyewe haupendi, ukimwekea hapo kocha wa kufokafoka umemharibia likizo mtoto wa watu. Huyu bwana kusoma kasoma, kapita Chuo cha Michezo Malya pale Kwimba, ila sio hicho kilichonifanya nimpigie debe.

Kuna binti wa darasa la tatu alikuwa anauogopa mpira kwelikweli, ukija anafumba macho na mabega yanapanda mpaka masikioni. Wenzake wakamweka golini makusudi wapate kucheka. Jamaa hakumfokea mtu, aliwapa wale wengine kazi ya kupasiana katikati ya vidumu vilivyokatwa, ndo koni zetu hizo, yeye akaenda akapiga goti hatua mbili mbele ya yule mtoto akawa anamviringishia mpira kwa mkono, taratiiibu, kama anamsogezea embe. Akiudaka, jamaa anarudi nyuma kidogo. Akiudaka tena, anarudi tena. Hakuna hotuba, hakuna "usiogope". Jioni ileile binti anarukia mipira inayopigwa kwa mguu, magoti yote vumbi, na walewale waliomcheka ndo wanagombania awe timu yao. Nimeiandika hiyo kwenye barua neno kwa neno, maana ukisema tu "anapenda watoto" hata muuza sumu ya panya anaweza kuandikiwa hivo.

Halafu maisha ya kambi kwake sio mageni. Waliopita UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, wanajua, watoto wanatoka shule tofautitofauti wanalazwa madarasani kwenye magodoro, wengi ndo mara ya kwanza kulala mbali na mama, usiku wa kwanza ni vilio. Tulipopeleka timu kulikuwa na mtoto mmoja wa kule Igombe, kalia mpaka kwikwi, sisi wengine tunambembeleza tu nyamaza nyamaza. Jamaa akakaa naye mlangoni akaanza kumuuliza habari za dagaa, baba yako anatoka saa ngapi, taa mnaziwashaje, wavu unavutwa na watu wangapi, yani mtoto akageuka mwalimu, anaeleza kwa mikono, anamkosoa kabisa, mpaka usingizi ukamchukua. Kesho yake ndo aliyewahi kuamka kuliko wote.

Na anahesabu watoto. Mkitoka anahesabu, mkifika anahesabu, mkimaliza kunywa maji anahesabu tena. Kambi nyingi za kule ziko kando ya maziwa, na mtu wa Mwanza aliyekua akisikia habari za meli ya MV Bukoba iliyozama ziwani Mei 1996 haambiwi mara mbili kuhusu watoto na maji.

Nimeandika na upungufu wake pia, sikutaka kuwadanganya. Kiingereza cha kuongea kiko freshi, cha kuandika bado kinamsumbua. Kuogelea anajua sana, kazaliwa Ukerewe, ila cheti cha uokoaji hana, kwa hiyo wasimpange zamu ya majini mpaka wamfundishe kwa utaratibu wao.

Wadogo zangu wengine wameshaanza kuniuliza wanapitia wapi. Wadhamini wanaotambulika, yani mashirika yanayosimamia viza hiyo, wako kwenye orodha ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, tafuteni hapo, na usaili wa viza ni ubalozini Dar es Salaam. Anayekwambia tuma hela kwenye simu nikushikie nafasi, huyo mkimbie.

Mwisho wa barua nimewaomba kitu kimoja. Wakimchukua wasimpe timu ya wakubwa kwa sababu tu ni mwanaume na ana sauti, wampe wale wadogo wa miaka nane, tisa, wasiojua hata mguu gani wanapigia, wamwachie uwanja na mipira ya kutosha. Huko ndo atawafaa kuliko kocha yeyote watakayemleta.