Jumanne zetu na watoto wa kipaimara

Huu ni mwaka wetu wa pili hapa Wuppertal, mji ulio bondeni magharibi mwa Ujerumani, ambako mimi na mume wangu, Mchungaji, tulitumwa baada ya kustaafu, yeye utumishi wa usharika na mimi ualimu wa shule ya msingi. Ndugu zetu wa Bukoba wakipiga simu huuliza tunashindaje huku, nami huwajibu kwamba siku zetu ni za kawaida: sala ya asubuhi, masomo ya Kijerumani, sokoni, kuwatembelea wazee wa usharika, na kila Jumanne saa kumi jioni darasa la kipaimara, ambalo ndilo hasa lililotuleta.

Jumanne huanzia jikoni. Nakanda unga wa maandazi mapema, kwa kuwa watoto hutoka shuleni moja kwa moja wakiwa na njaa, kisha tunapanda Schwebebahn, treni inayoning'inia juu ya mto Wupper tangu mwaka 1901. Mchungaji ana miaka 69 na magoti yanamsumbua, lakini hupenda kusimama dirishani atazame maji yakipita chini yake.

Darasa lina watoto kumi na mmoja, wa miaka 13 na 14. Kwetu nilizoea kufundisha watoto sitini, mabenchi yamejaa, Katekisimu Ndogo, kitabu cha mafundisho ya imani cha Martin Luther, ikikaririwa kwa sauti moja mpaka amri zote na maelezo yake yakae moyoni. Hawa wanakaa kwa duara, wanakariri kidogo sana, na wanauliza. Mwanzoni niliona maswali yao ni utovu wa adabu, na kwa miezi kadhaa nilikuwa nikirudi nyumbani na huzuni. Mchungaji ndiye aliyenisihi nisikilize kwanza swali lenyewe, sauti ya muulizaji baadaye.

Mwezi Novemba tuliwapeleka katika kanisa la Gemarke, ambako mwaka 1934 Wakristo waliokataa kanisa liongozwe na itikadi ya Wanazi walipitisha Tamko la Barmen. Tulipotoka nje, binti mmoja ambaye kwa kawaida hasemi alimgeukia Mchungaji akamuuliza, kwa upole kabisa, kwa nini babu zetu walipokea dini ya watu waliokuja kuwatawala.

Nilimwona mume wangu akivua kofia na kuishika mikononi, baridi ile. Hakumficha kitu. Alimweleza kwamba misheni iliyokuja kujulikana kama Bethel ilianzishwa Berlin mwaka 1886 na jina lake la kwanza lenyewe lilitaja koloni, Afrika Mashariki ya Kijerumani, na kwamba jambo hilo linatuuma hata sisi tuliolelewa na kanisa lililotokana nayo. Kisha akamweleza ambalo mtoto yule hakuwahi kulisikia: wamisionari hao walipofika Bukoba mwaka 1910 walikuta Injili imekwisha kufika kwa njia ya Buganda, na Wahaya wachache, Andereya Kajerero akiwa kiongozi wao, walikuwa wakikusanyika na kusoma maandiko kwa Kiganda.

“Nani alikuwa akiwafafanulia?” binti akauliza.

“Walikuwa wakifafanuliana,” Mchungaji akamjibu.

Nimefundisha kwa zaidi ya miaka thelathini na historia hiyo naijua tangu utoto, lakini sikuwahi kuifikiria kama njia ya kufundishia.

Jumanne iliyofuata Mchungaji aliweka Injili ya Marko juu ya kila kiti, akawapa sura ya nne, akawaomba wasome wenyewe, waulizane na wajibizane, nasi tukaenda jikoni na kuuacha mlango wazi kidogo. Kwanza tulisikia viti vikiburutwa na vicheko, kisha sauti moja ikisoma kwa kusitasita habari za dhoruba ziwani. Ikasimama. Mvulana mmoja akauliza inakuwaje Yesu alale usingizi wakati wenzake wanazama, na mwingine akamjibu, na yule binti akawakatalia wote wawili. Kijerumani changu kilinifikisha nusu tu ya maneno yao. Nilikuwa nikisuuza vikombe kimoja kimoja, taratibu, visigongane.

Ilipotimu saa kumi na moja Mchungaji aliinuka aende kuwafungia kwa sala. Nikamshika mkono wa koti, naye akaketi tena, na tukaendelea kusikiliza mpaka chai ikapoa kwenye birika.